Dawa ya Mende Chumba cha Watoto

Shoga, leo nimeumbuka.

Unajua ninavyojisifu kwamba kituo changu cha watoto hakina mdudu? Asubuhi nimepuliza dawa ya mende chumba cha kulala, nikafunga madirisha ili ikolee. Baada ya saa moja nikawalaza watoto. Saa moja tu! Kopo limeandikwa usubiri saa nne, tena madirisha wazi. Sikuwahi kusoma.

Wakaanza kukohoa mmoja baada ya mwingine. Binti wa mama mmoja muuguzi akatapika, macho mekundu. Nikawatoa wote nje mbio, nikawaosha, nikampigia mama yake.

Amekuja na daktari. Watoto wamepimwa, wako salama, Mungu ashukuriwe.

Lakini mama hakunigombeza, shoga. Bora angenitukana! Ameniuliza tu, “Dada, hiyo dawa unapuliza tangu lini?”

Tangu lini!

Nikamwambia ukweli. Kila Jumatatu, mwaka mzima.

Mwaka mzima, shoga. Na wazazi wakilalamikia vikohozi nilikuwa nawajibu, “Ni mafua tu hayo, yatapita.”

Saa kumi wanakuja kuchukua watoto. Nitawaambia kwa mdomo wangu mwenyewe, mmoja mmoja. Uso nitauweka wapi?