Kaka Hakulia

Jumatatu, 3 Machi

Nashona sare za kwaya tangu asubuhi. Kola zote zimekaa vizuri isipokuwa ya mwenyekiti, ana shingo ya ajabu. Baba Mdogo Wambura kapiga simu: Jumamosi tunamaliza msiba wa Baba kule Butiama, na kabla ya kula kutakuwa na kikao cha ukoo. Hakusema kikao cha nini. Hakuwa na haja.

Kaka Magesa miaka yote yuko Dar, anatunza bustani kwenye hekalu la Wabudha. Harudi Krismasi, harudi harusi. Mwezi uliopita akatokea tu nyumbani na begi moja. Wiki haikuisha, Baba akafa. Mazikoni tulipiga yowe mpaka sauti zikakauka, yeye katulia kama anasubiri gari. Hata chozi. Sijasema kitu, lakini nina macho.

Jumatano, 5 Machi

Nimefunga duka la ushonaji Musoma, nimekuja nyumbani Butiama mapema nimwone vizuri.

Asubuhi anakaa nyuma ya zizi, miguu kaikunja, macho kafumba. Hana rozari, hana kitabu. Mtu anayesali midomo inacheza, yake haichezi. Nilijifanya naokota kuni. Hakufumbua.

Nikamuuliza anafanya nini. Eti anaangalia pumzi. Pumzi ina nini cha kuangaliwa? Akasema watawa wa kule wanafundisha kwamba jambo likikupata litauma, hilo halina ujanja, lakini mateso mengi ya juu yake tunayapika wenyewe kichwani. Furaha nayo inaanzia huko huko. Maneno mazuri. Ndiyo maana siyaamini.

Mke wa Baba Mdogo ameniambia jingine. Siku za mwisho aliwakuta Baba na Kaka chumbani, wamekaa bega kwa bega, wote macho wamefumba. Baba! Mtu aliyegombana hata na redio. Nimeogopa.

Mama anampelekea Kaka chai pale pale zizini, kimya kimya. Hata Mama nimeanza kumtazama vibaya.

Alhamisi, 6 Machi

Amekataa dume.

Kwetu kifungua mimba wa kiume ndiye anayechinja dume la ng'ombe la baba yake siku ya kumaliza msiba. Mwingine akishika kisu wakati yeye yupo, watu wanajua maana yake: aliyemdhuru marehemu hathubutu kugusa mnyama wake. Kaka kaambiwa hivyo mbele ya wote. Akajibu taratibu kwamba siku hizi haui kitu chenye uhai. Hata kuku. Nani atakubali hilo Butiama, katikati ya wafugaji?

Baba Mdogo akaniita pembeni. Nikamwambia yote: kukaa nyuma ya zizi, kufumba macho na Baba, chozi lisilotoka. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi.

Ijumaa, 7 Machi

Kaka kanichotea maji ya kuoga bila kuambiwa. Anajua? Ananilainisha? Nimeyamwaga.

Jumamosi, 8 Machi

Wazee walimuuliza alikuwa anafanya nini na Baba chumbani. Akasema aliahidi kutosema. Basi. Watu wakaguna. Baba Mdogo akanitaja, kwamba hata dada wa damu ameona. Wote wakanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa.

Wakaamua aondoke, asikanyage tena hapa, na akifa asizikwe hapa.

Kwetu mwanamke hasimami kwenye kikao cha ukoo. Mama akasimama.

"Mzee alikuwaga na uvimbe tumboni. Tulipima Bunda. Alikataza tusiwaambie, mngeuza ng'ombe zake. Kufa hakuogopaga, aliogopaga maumivu, anayawaza mchana kutwa mpaka yanakuwa mawili. Magesa nilimwita mimi. Alimfundisha kukaa nayo bila kuyaongeza. Zile siku ndo mzee alilala usingizi. Sasa mfukuzeni."

Mzee mmoja akasema uamuzi umefutwa, tuendelee.

Baba Mdogo akachinja mwenyewe. Nyama imeliwa yote. Hakuna aliyemwomba Kaka radhi, na mimi nikiwemo.

Jumapili, 9 Machi

Kaka kaondoka hata hivyo. Nimemsindikiza mpaka stendi ya Bunda. Njia nzima nilikuwa namvizia akasirike. Nilitaka anitukane, tulingane. Ananionyesha mashamba ya pamba.

Stendi nikashindwa, nikamuuliza kwa nini hana hasira na mimi.

"Ninayo, mdogo wangu. Ulipoitikia kwa kichwa nilitamani nikuzabe kofi. Lakini hasira nayo inakujaga, inakaa, inaondoka. Naisubiri iondoke."

Hata hapo nikamshuku. Nikasema moyoni anaigiza. Nikatazama mikono yake juu ya begi. Ilikuwa inafunga fundo kwenye mkanda, inalifungua, inalifunga tena.

Nikamwomba radhi. Sijui kama alisikia, kondakta alikuwa anapiga kelele.

Alhamisi, 13 Machi

Musoma. Mvua tangu alfajiri. Sare zimekwisha, hata kola ya mwenyekiti imekubali.

Nimejikuta namfikiria Baba Mdogo. Kwa nini aliharakisha kikao? Labda anataka zizi. Labda mkewe alitumwa aniambie yale. Yalikuwa yanapangika vizuri kabisa, moja juu ya jingine, nikaona nimeanza tena. Nikaweka mkasi chini.

Nikakaa. Hakuna mtu mwingine wa kumshuku. Kilichobaki ni kwamba Baba amekufa. Mwaka jana alisimama hapa hapa mbele ya cherehani, anataka nimpunguzie kiuno cha suruali, akanitania kwamba nguo zangu zinatanuka zenyewe. Tulicheka sana siku ile.

Msibani nilipiga yowe kuliko wote. Leo ndiyo nimelia. Mteja aligonga, nikamwambia arudi kesho.