Ayubu wa Baba

Iringa,
9 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo baba. Natumaini wewe na mama hamjambo, na kwamba mguu wa mama umeanza kupoa. Mimi mzima, ila upepo wa Iringa unanipasua midomo. Viazi alivyoleta Marcelino kwenye lori lake vilifika vyote, na wenzangu bwenini wanakushukuru sana. Mama ameniambia sikio lako limezidi kuwa zito, ndiyo maana naandika. Hata hivyo napenda kukuandikia. Kwenye simu huwa unasema "eeh, eeh," kisha unamrudishia mama.

Baba, mwaka huu wa tatu ndio nimeanza kuonja utamu wa chuo. Mwalimu wetu wa Agano la Kale, Mchungaji Justine, aliingia darasani Jumanne akatuuliza, "Ayubu alikaa mtaa gani?" Tukacheka. Akatufungulia kitabu, akatuonyesha kwamba karibu maneno yote ya Ayubu na rafiki zake ni mashairi yaliyopimwa. Akasema mtu aliyefiwa na watoto wote halii kwa mizani. Wanazuoni wengi wanaona Ayubu hakuwahi kuzaliwa na mwanamke. Ni hadithi aliyoitunga mtu mwenye hekima ili aulize kwa nini mwema anateswa. Na si Ayubu peke yake. Gharika, Yona na samaki wake, yote hayo, anasema, tusiyasome kama taarifa ya habari.

Nilifurahi, baba. Tangu utotoni nilikuwa namwogopa huyo Mungu aliyemruhusu Shetani awaue watoto wa mtu ili baba yao apimwe. Kumbe ni hadithi! Nilijisikia kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Nikasema lazima nimwandikie baba, maana simjui mtu anayempenda Ayubu kuliko wewe. Unaonaje?

Mwanao,
Bupe

*

Itundu, Mbeya,
20 Februari 2025

Kwa Bupe,

Marahaba. Sisi wazima. Mguu wa mama yako unaendelea vizuri. Mvua ni nyingi na viazi vya bondeni vimeanza kuoza.

Barua yako nimeisoma. Soma kwa bidii, ndicho kilichokupeleka huko. Lakini Ayubu aliishi. Alikuwa mtu, alikuwa na nyumba, na watoto wake walikufa siku moja. Usiniandikie tena juu yake kwa namna ile.

Mama yako anakusalimu.

Mwinjilisti Fanueli

*

Iringa,
2 Machi 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Poleni sana na viazi. Mimi mzima wa mwili.

Nimeona ulivyosaini. Umewaandikia wakristo wa Itundu kama Mwinjilisti kwa miaka mingi, lakini mimi hujawahi kuniandikia hivyo. Nimeikunja barua ile na kuikunjua mara nyingi, nikitafuta mahali nilipokuumiza, na sijapaona. Nisamehe, baba.

Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu asiseme kanisani jambo asiloliamini nyumbani. Naweza kukuomba radhi kwa kukuumiza. Siwezi kukuambia kwamba sikusikia nilichosikia. Mungu akipenda nitakuwa mchungaji, na watu wataniuliza swali hili uso kwa uso. Nitawajibu nini? Niambie tu kwa nini ni lazima Ayubu awe aliishi kweli. Sitabishana. Nitasikiliza.

Mwanao,
Bupe

*

Iringa,
18 Mei 2025

Baba,

Shikamoo baba. Mu wazima? Miezi miwili na nusu imepita sijauona mwandiko wako. Nikimpigia mama ananiambia, "Baba yako yupo, anafikiri," halafu ananiuliza kama nimekula.

Jana Marcelino alishusha viazi sokoni, akapita kunisalimu. Nikamkaribisha chai pale kantini.

"Baba yako amesimamishwa kuhubiri," akaniambia.

"Kwa kosa gani?"

"Kwa kukaa kimya."

Nilidhani ananitania. Ndipo akanisimulia kwamba Adrian, mtoto pekee wa jirani yetu Tekla, mama Tekla wetu, alifukiwa na shimo la dhahabu kule Chunya mwezi wa nne. Kwamba ulienda msibani ukakaa chini siku saba, hukufungua Biblia wala kusema neno, na Jumapili kanisa likabaki bila mhubiri. Kwamba wazee wa kanisa wamekuita.

Adrian niliyembeba mgongoni! Nadhani mama alinificha kwa sababu ya mitihani, nami sikumlaumu, lakini nililia pale pale kantini mpaka Marcelino akaona aibu.

Baba, sikuulizi tena habari za Ayubu. Nakuuliza habari zako. Umekuwaje?

Mwanao,
Bupe

*

Itundu, Mbeya,
14 Juni 2025

Mwanangu Bupe,

Ugonile, mwanangu. Marahaba kwa salamu zako zote ambazo sikuzijibu. Mama yako mzima, anatembea bila fimbo. Mimi nipo. Baridi imeingia, asubuhi majani ya viazi yanaamka meupe kwa barafu. Mama Tekla nimempa pole kwa niaba yako, akasema ndaga, anashukuru.

Mwezi wa tatu uliniuliza swali. Nimechelewa kulijibu kwa sababu ndani ya jibu lake kuna majina mawili ambayo hayajatajwa katika nyumba hii kwa miaka ishirini na mitano.

Unajua kwamba kuna waliokutangulia. Kijijini hakuna siri, najua wenzako walikuambia. Lakini hukutuuliza, na sisi tukajificha nyuma ya kutouliza kwako. Walikuwa wawili. Gerson alikuwa na miaka saba, anasoma darasa la kwanza, mbishi kama wewe. Asukile alikuwa na minne. Mwezi kama huu wa sita, mwaka elfu mbili, baridi ilikuwa kali na Asukile alikuwa anakohoa. Nikawawekea jiko la mkaa chumbani. Dirisha nikaliziba kwa gunia ili joto lisitoke. Ni mimi, Bupe. Mama yako alikuwa ameshalala. Asubuhi yeye ndiye aliyefungua mlango.

Watu walijaa hapa. Wengine walisema ni mapenzi ya Mungu. Wengine waliuliza ni nani aliyeingiza jiko, na waliokuwa wanajua wakawabinya ili wanyamaze. Mwinjilisti aliyenitangulia, mzee aliyekuwa amestaafu na sasa ni marehemu, alikaa nami akanisomea Ayubu, kidogo kidogo, kila siku sura mbili. Nilikuwa nimeshafunga kamba moyoni, mwanangu. Nakuandikia jambo ambalo hata mama yako nimemwambia juzi tu. Kilichonizuia ni kusikia kwamba palikuwa na mtu kabla yangu aliyepoteza watoto siku moja, na kesho yake kukapambazuka naye akaonekana na watu akiwa hai. Nilisema, kama yeye aliweza, na mimi nitafika jioni. Na jioni nikafika. Kwa hiyo uliponiandikia "kumbe ni hadithi," nilijisikia kama umekuja na jembe kumfukia mtu aliyenishika mkono.

Ndiyo sababu sikukujibu. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na hofu.

Halafu akaletwa Adrian. Nilienda kwa mama Tekla na Biblia mkononi, na barua yako ilikuwa mfukoni mwa koti, maana sikujua pa kuiweka. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, hataki maji, hataki kushikwa. Nikafungua palepale nilipozoea kuwafungulia wafiwa. Kabla sijasoma akanitazama.

"Mwinjilisti, huyo Ayubu wako alikuwepo kweli, au mnatuambia tu?"

Miaka thelathini na miwili nimefanya kazi hii na hakuna aliyewahi kuniuliza. Ninyi wawili mmeniuliza mwaka mmoja. Jibu nililokuandikia wewe lilikuwa tayari mdomoni, nikaona halitoki. Si kwamba niliacha kuamini. Niliona kwamba hata nikimwambia "alikuwepo," hatasikia.

Nikamwambia, "Mama Adrian, mimi naamini alikuwepo. Siwezi kukuonyesha. Ila mimi nipo, na sitaondoka."

Nikafunga Biblia nikakaa chini. Nilikumbuka wale rafiki zake Ayubu. Sisi wahubiri tunawasema vibaya kila mara kwa maneno yao mengi, lakini kabla hawajafungua midomo walikaa naye chini siku saba bila kusema kitu. Nikasema, hilo naliweza. Jioni nilikuwa narudi nyumbani kulala, asubuhi naenda tena. Mama yako alikuwa analeta uji anauweka kati yetu. Siku ya tatu mama Tekla akaunywa.

Jumapili Mzee Lugano, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, akanifuata pale.

"Mwinjilisti, watu wanakusubiri. Kengele imeshapigwa."

Nikajisogeza apate pa kukaa.

"Watu mia mbili wako kanisani, wewe umekaa na mmoja?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akaondoka amekasirika, na sikumlaumu. Mia mbili ni watu pia. Baadaye wakaniita, nikaeleza nilivyoweza, wakanipumzisha kuhubiri hadi mwezi wa nane. Nimepokea. Nilifanya nilivyoona, na wao wamefanya walivyoona.

Siku ya nane nilipofika nilimkuta mama Tekla amesimama mlangoni na jembe. Akasema, "Mwinjilisti, nenda kafanye kazi yako. Mimi nina viazi vya kuchimba." Nilimfuata shambani, tukachimba wote mpaka adhuhuri. Hapo ndipo alipoanza kunisimulia habari za Adrian, tangu alipozaliwa, na nilisikia kila neno kwa hili sikio langu bovu.

Wiki iliyopita nilimsomea mama yako barua zako zote. Alikuwa anamenya viazi. Nilipofika pale mwalimu wako anaposema ni hadithi iliyotungwa, nikasubiri akasirike kama mimi. Akaendelea kumenya, kisha akasema:

"Aliyetunga vile vilio vya katikati alikuwa amezika mtoto. Lakini ule mwisho kaandika mtu mwingine."

Nikamuuliza anajuaje.

"Mwishoni Ayubu anapewa watoto kumi wengine, na kitabu kinaisha kama vile mambo yamekaa sawa. Mtu aliyezika hawezi kuandika hivyo. Mtoto si ng'ombe, akifa ukanunua mwingine. Na yule mke wake, aliyewazaa wote, hakuna hata aliyemuuliza jina."

Bupe, nimeishi na mwanamke huyu miaka thelathini na mitatu. Nilimwona analima, anapika, anaimba kwaya, nikadhani amesahau au amesamehe. Kumbe alikuwa anakisoma kitabu kile kile nilichokuwa nakisoma, na alikielewa kunizidi. Ulipozaliwa nilikuita Bupe, zawadi, nikidhani Mungu amenilipa. Siku hiyo ya kumenya viazi mama yako aliniambia kwamba jina alilikubali, lakini hakukubali kwamba wewe ni malipo. "Huyu ni Bupe," akasema. "Hakuja badala ya mtu."

Nikamwomba msamaha kwa lile jiko. Sikuwahi. Hakusema amenisamehe. Alifuta mikono, akachukua kanga yake, akasema twende. Tukaenda nyuma ya kanisa, tukang'oa majani kwenye makaburi yao. Akawaita kwa majina, Gerson, Asukile, kwa sauti, kama anayewaita waje kula.

Kwa hiyo mwambie mwalimu wako kwamba mimi bado nasema Ayubu aliishi. Nikifika mbinguni nitamtafuta. Lakini nisipomkuta, nikamkuta mtu mmoja aliyekaa akaandika mambo yale kwa sababu mtoto wake amekufa, nitamsalimu kwa heshima ile ile. Wewe hubiri unavyoamini. Ila akija kwako mtu kama mama Tekla, usimpe jibu la Iringa wala la Itundu. Kaa chini kwanza.

Baba yako,
Fanueli

*

Iringa,
6 Julai 2025

Baba na mama wapendwa,

Shikamoo baba. Shikamoo mama. Barua hii naomba baba umsomee mama kuanzia juu mpaka chini.

Mimi mzima. Nimemaliza mitihani. Nilikaa na barua yenu wiki nzima kabla sijaweza kushika kalamu.

Mama, nilimwomba Mchungaji Justine ruhusa nikasoma maneno yako darasani, yale ya mwisho kuandikwa na mtu mwingine. Akaweka chaki chini. Akasema kuna wanazuoni waliozeeka maktabani wakibishania jambo hilo hilo, kama mwanzo na mwisho wa kitabu vimetoka mkono mmoja na katikati yake. Akaniuliza, "Mama yako alisoma chuo gani?" Nikamwambia aliishia darasa la saba, Itundu. Hakuna aliyecheka.

Baba, nilipokuandikia "kumbe ni hadithi," nililitamka neno hadithi kama mtu anayesema uongo. Sisemi tena hivyo. Bado sidhani Ayubu alikuwa na mtaa na jirani, na najua hutanikasirikia nikisema. Lakini nimejifunza juu ya kitabu kile zaidi katika mkeka wa mama Tekla, ambao sikuuona, kuliko katika daftari langu. Nimekuwa nikiwaambia wenzangu kwamba baba yangu ni mwinjilisti wa kijijini, na nilikuwa nalisema haraka haraka ili tupite. Sasa nalisema taratibu.

Kuhusu lile jiko sina neno, baba. Nitakapokuja mwezi wa nane nitakaa nawe.

Jambo moja la mwisho. Juzi tulipewa fomu za kwenda mafunzo ya vitendo usharikani. Mimi nimepangiwa Mafinga. Ukurasa wa kwanza wanauliza majina ya wazazi, kijiji, na umezaliwa wa ngapi katika familia. Swali hilo nimelijibu tangu shule ya msingi bila kufikiri: wa kwanza. Safari hii kalamu ilisimama. Karani akaniuliza, "Dada, mbona umekwama, hujui umezaliwa wa ngapi?"

Nikamwambia najua.

Wakubaliane nayo au wairudishe, nimeshaandika kwa wino, na hapa naandika tena.

Mtoto wenu wa tatu,
Bupe