Gari Linalochemka kwa Rehana

Baba Peace,

Chai iko kwenye chupa, maharage yapashe. Gari nimeondoka nalo tena.

Asubuhi nililiendesha hadi Makambako, nione kama kweli huwa linachemka kama usemavyo. Njia nzima mshale wa joto ulitulia. ~~Nikajua unanidanganya.~~ Nikadhani limepona. Kufika kwenye foleni ya malori, mbele ya kibanda cha Rehana muuza chai, likachemka. Kabla sijashuka, Rehana huyo na kijiti, akafungua boneti, akaigonga feni, ikazunguka. Eti, "Shemeji alinifundisha."

Mimi hata kufungua boneti hujanifundisha!

Fundi anasema mota ya feni imechoka. Mwendoni upepo unaipoza injini, kwenye foleni feni inagoma. Nampelekea aibadilishe leo. Kesho utafute sababu nyingine ya kusimama pale.

Mama Peace