Sauti ya Pili Kwenye Kaseti

Navakholo,
S.L.P. 38,
Kakamega.
9 Septemba 1979

Mpendwa mwanangu Cornelius,

Nakusalimu kwa jina la Bwana Yesu. U hali gani huko Japani? Kile kifua chako kimetulia, au baridi imekizidisha? Na unashiba kweli mahali hakuna obusuma, ugali wetu? Sisi tuko wazima. Baba yako, Mzee Wangila, mguu unamsumbua siku za mvua lakini shambani anafika. Mimi shangazi yako, senje wenu, bado nina nguvu ya kushika kalamu, Mungu ashukuriwe.

Huku kwetu sasa ni miwa tu. Hata pale marehemu mama yako alipopandanga maharagwe, miwa imefika mpaka ukuta wa jikoni. Trekta zinapita kutwa na watoto wanazifuata nyuma wakichomoa miwa. Baba yako alipolipwa mavuno ya kwanza alinunua radio kaseti, na ndiyo tuliyokusikilizia.

Kaseti yako ilifika mwezi wa Julai. Tulikusanyika Jumapili baada ya ibada, nyumba ikajaa mpaka wengine wakasimama dirishani. Mwanangu, kusikia sauti yako baada ya miaka miwili! Nililia kabla hujamaliza kusema hamjambo. Ulisema masomo ya mitambo yanaisha Desemba. Ulisalimia kila mtu kwa jina, hata mbwa Simba ukamsalimia.

Muhonja alikuwa ameketi mbele kabisa, magoti yanagusa radio, amevaa gauni aliloshona mwenyewe. Unajua ni mimi niliyekutafutia msichana huyu kwa Mzee Shitanda, nikaenda na kurudi mpaka ng'ombe wakapokelewa. Alingoja jina lake mpaka upande wa kwanza ukaisha bila kutajwa. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie, kwamba mambo ya mchumba hayasemwi mbele ya baba mkwe. Watu wakakubali. Yeye naye akaitikia kwa kichwa. Labda alinihurumia tu.

Upande wa pili ndio ulikuwa na zile nyimbo. Hakuna aliyeelewa neno, lakini nyumba nzima ilinyamaza. Mwanamke anaimba polepole, anavuta sauti kama mtu anayeaga maiti. Baba yako alivua kofia akasema, "Hawa ni walokole wa huko." Jirani yetu Shikanga akasema, "Watu wanatengeneza pikipiki nzuri vile, sasa wanalia nini?" Tukacheka. Mchungaji George hakucheka, alifumba macho. Alisema hiyo ni huzuni ya toba, akatuomba sisi akina mama wa kwaya tuutie ule wimbo wa mwisho maneno ya Kiluhya. Tuliutia. Tumewazika watu wawili kwa wimbo huo, na tukiuimba hakuna anayebaki na macho makavu.

Muhonja aliomba akae na radio ile kwake. Akawa anashona cherehani huku inaimba, kutwa nzima, wiki baada ya wiki. Halafu siku moja akaja kwangu ameibeba ndani ya leso kama mtoto mgonjwa.

"Senje, anayeimba hapa ni mmoja au ni wawili?"

"Si ni mmoja? Utaniambia nini wewe, na mimi ndiye mwimbishaji."

"Weka sikio hapa."

Nikaweka. Cornelius, walikuwa wawili. Yule wa kwanza ako mbali, na vinanda vyake. Wa pili anamfuatisha chini chini, bila chombo, namna mtu anavyoimba akiosha vikombe. Na mwisho wa wimbo kuna mtu amekohoa. Nimekulea tangu una miaka minne. Kikohozi chako nakijua.

Nikamwambia Muhonja labda ni jirani, labda nyumba za huko zimebanana. Akaifunga radio tena ndani ya leso. Kesho yake tulikwenda kwa mwalimu wa sayansi wa shule yetu ya harambee, kijana Mjapani anayeitwa Mwalimu Tanabe. Kiswahili anakisema vizuri kuliko mimi.

Aliposikia wimbo alicheka. "Mama, huu mnauimbia wapi?"

"Matangani."

Akaacha kucheka. "Mama, pole. Hizi si nyimbo za kanisa. Ni nyimbo za mapenzi, za watu walioachwa."

Akatueleza maneno ya wimbo ule. Mwanamke anakunja shati la mwanaume anayerudi kwao. Hamwombi abaki. Anamwambia tu kwamba kola imechakaa, akifika amwambie huyo atakayempokea aishone.

Muhonja akasema, "Shati alilosafiri nalo nililishona mimi." Halafu akasema, "Mwalimu, na huyu wa pili?"

Mwalimu alirudisha ukanda, akasikiliza tena, akatazama chini. "Huyu hayuko kwenye wimbo. Yuko chumbani, karibu na mashine. Hapa mwisho anauliza, umezima? Na mwanaume anamjibu, bado."

Ni hilo tu, bado. Hata mimi sasa nalisikia. Ni Kijapani lakini ni sauti yako, na ni laini. Huku kwetu hujawahi kumsemesha mtu kwa sauti laini vile.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika njia panda Muhonja aliniambia, "Usimwambie baba. Wa kwangu wala wa Cornelius." Sijawaambia. Hajalia, na hilo ndilo linaloniogopesha. Anashona, anakula kidogo, anaimba ule wimbo mzima kwa Kijapani kama aliyezaliwa nao, mpaka wateja wanamsifu. Juzi nilimkuta anashona kola ya shati la kiume. Sikuuliza ni la nani.

Mzee Shitanda ameshauliza mara mbili kama Mchungaji atangaze ndoa Novemba. Mimi ndimi niliyeingia katika boma lake nikamwahidi, kwa hiyo ananiuliza mimi. Namjibu tunangoja barua yako. Kwaya nayo inaniuliza kwa nini siuanzishi tena ule wimbo, nasema koo linaniuma.

Mwanangu, sikuandikii kukugombeza. Nimejaribu kuomba nimeshindwa. Kila alfajiri napiga magoti, na nikianza kumwombea Muhonja kwamba urudi, namkumbuka yule mwingine na vikombe vyake. Naye anajua utaondoka, ndiyo maana anaupenda wimbo huo. Naye ana mama. Sasa nimwambie Mungu amlize yupi? Mmoja atalia, na labda wote wawili, na kwa vyovyote utakavyofanya sioni mahali pa kutokea. Nainuka bila kusema amina.

Baba yako anakusalimu sana. Anasema ukija umletee saa. Mchungaji George na Shikanga wanakusalimu. Dada yako Dinah amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Muhonja nilimwambia naandika, nikamuuliza niweke salamu. Alikata uzi akasema, "Bado."

Mungu wa babu zako akulinde ukitoka na ukiingia, na akupe ujasiri wa kusema kweli hata kama itatuumiza.

Kaseti usitume tena. Chukua karatasi, uandike kwa mkono wako kama unarudi kwa Muhonja au hurudi. Hata mstari mmoja unatosha. Tafadhali nijibu upesi, kabla Novemba haijafika.

Ni mimi niliyekulea, na bado nakupenda,

Shangazi yako,
Zilpah