Ndoo Imejaa

Kaka Elia,

Ungekuwepo ningekusomea haya kwa sauti, maana hukuwa unaona, na wino haukuwahi kukufaa. Leo naandika tu.

Lugha yako ya kompyuta, yenye amri za Kiswahili ambazo mtoto asiyeona anazisikia na kuzielewa, ilibaki na jaribio moja lisilopita. Lile la shamba la zabibu. Mzunguko wa nje, yaani amri zinazojirudia, unapita mistari, na wa ndani unapita mizabibu ukichuma. Kila mstari ukiisha, mashine inaangalia ndoo. Ikiwa imejaa, inatamka "Ndoo imejaa" kisha inatoka shambani.

Haikutoka. Ilirudia "Ndoo imejaa, ndoo imejaa" mpaka nikachomoa waya. Mama alikuwa na watu waliokuja kuhani. Akaniambia, "Sechelela, zima hicho kitu. Kinaita kama mtu mwenye homa." Siku zako za mwisho nawe ulirudia neno moja, maji, na figo zilikuwa zimekataa, daktari amekataza tusikupe. Siku hiyo wote tulilisikia tena.

Rafiki yako wa mjini, yule fundi wa programu, alisema, "Dada, lifute tu hilo jaribio. Mengine yote yamepita, nani atajua?" Na mwalimu wako wa zamani kule Buigiri, kwenye shule ya wasioona, alikuwa anangoja. Kazi isipokamilika kabla ya muhula, watoto wangerudi kwenye lugha ya kompyuta ya Kiingereza.

Nilitaka kulifuta, kaka. Nikakumbuka ulivyokuwa unasema: "Asiyeona haoni kioo cha kompyuta kimekwama. Yeye atakaa angoje." Sikulifuta. Muhula ukafunguliwa, watoto wakarudi kwenye Kiingereza.

Baadaye nikaenda shambani kufanya kama ulivyonizoesha: mimi ndiye mashine, natembea mstari kwa mstari, wewe umekaa kichwani mwa mstari unaniuliza, "Sasa uko wapi? Ukiambiwa toka, unatokea wapi?" Safari hii nilijiuliza mwenyewe, kwa sauti. Majirani waliacha kupalilia, wakaniangalia.

Mwisho wa mstari wa kwanza nikaelewa. Kompaila yetu, ile programu inayoigeuzia mashine amri zetu, inakumbuka mlango mmoja tu wa kutokea. Ikiingia mzunguko wa ndani, inaandika mlango wake juu ya ule wa nje, na ikimaliza hairudishi. Kwa hiyo ikiambiwa itoke shambani, inatokea mwisho wa mstari, inakuta ndoo bado imejaa, inaambiwa itoke tena.

Nimeirekebisha. Sasa inatamka mara moja, inanyamaza. Mama alikuja mlangoni akauliza, "Kimekufa?" Nikamwambia, "Hapana Mama, kimemaliza." Akakaa kwenye kiti chako akalia. Makaburini hakulia.

Nilimpigia mwalimu. Alisema, "Pole, dada. Watoto wameshaanza. Labda mwakani." Basi ndivyo ilivyo. Umekufa, kazi imepona, na hakuna mtoto hata mmoja anayeitumia. Sikujua nikufiche au nikwambie. Wewe hukupenda kufichwa.

Pumzika, kaka. Mwakani nitakwenda Buigiri mwenyewe, nisimame mbele ya mwalimu. Kabla ya hapo nitaandika jaribio la mizunguko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, ambalo hatukuwahi kulifikia. Likikataa, litabaki pale likikataa mpaka nijue sababu. Sitalifuta.

Mdogo wako,
Sechelela