Shangazi Kulwa, Izabo Wako Amepanda Jukwaani

Shangazi Kulwa,

Kaa vizuri huko uliko, maana habari ni ndefu na nyingine zitakuvunja mbavu. Izabo wako amepanda jukwaani. Ilikuwa Jumamosi iliyopita, saa tisa alasiri, kwenye ukumbi wa parokia hapa Pasiansi, na watu walijaa mpaka wengine wakachungulia madirishani. Na aliyekuwa Izabo ni Shangazi Doto. Ndiyo, pacha wako. Yule yule aliyekuwa akisema, "Kulwa na Mzungu wake aliyekufa, wote wawili hawana kazi."

Najua umeshaanza kubisha. Ngoja nikueleze.

Tulipomaliza msiba wako, ndugu waligawana vyombo na vitenge vyako. Mimi nikaachiwa sanduku la vitabu kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Ndani nilikuta kile kitabu cha Kifaransa ulichoachiwa na mtawa mmoja mzee ulipoanza kufundisha, umekijaza tafsiri yako pembeni kwa penseli, jalada limeliwa na mchwa, kurasa za mwisho hazipo. Chini yake madaftari matano kwa mwandiko wako. Nilijua ulikuwa unaandika mchezo, ila sikujua umefika wapi. Nilikaa kwenye cherehani nikafungua la kwanza, na siku tatu sikushona hata kishikizo. Mama mmoja alikuja kuchukua gauni la ubarikio la bintiye akanikuta nalia na kucheka kwa pamoja. Akaondoka bila gauni.

Hadithi nilikuwa naijua tangu utoto, lakini ukiisimulia ulikuwa unaruka ruka. Kwenye madaftari umeiweka sawa. Izabo ni binti wa kabaila, amezaliwa kwenye nyumba ya mawe kando ya mto, zama zile Wafaransa walipokuwa wamepagawa na vitabu na picha kutoka Italia. Kaka zake wameletewa mwalimu wa Kilatini. Yeye anapewa sindano na uzi. Basi anashonea nyuma ya pazia la chumba cha masomo, siku zote, mpaka siku kaka yake mkubwa anakosea shairi na sauti ndogo inamsahihisha kutoka kwenye pazia. Nilipofika hapo niligonga meza.

Ana miaka kumi na tano wanamwoza kwa mtu aliyemwona kwenye picha tu, na mchoraji alikuwa muungwana mno, kaficha makovu yote ya ndui. Izabo analia siku mbili. Siku ya tatu anagundua kwamba mume ana kabati la vitabu na hana mtu wa kuzungumza naye. Ukaandika: "Ndipo ndoa ilipoanza." Sijui ulitoa wapi sentensi ile, Shangazi, wewe ambaye hukuolewa.

Mume akaenda vitani. Izabo akabaki na mashamba, vinu vya nafaka, wagonjwa waliokuja kuomba dawa za majani, na lango la ngome. Mume hakurudi. Aliyekuja ni shemeji mtu, na wapanda farasi wake: mwanamke hawezi kushika ngome, chagua, uolewe na mimi au uende utawani. Izabo akafunga lango.

Hapo kitabu kimechanika, na wewe ukaweka kalamu chini. Nakumbuka nilikuuliza kwa nini humalizii tu, nani atajua. Ukanijibu, "Minza, huyo ni mtoto wa watu. Siwezi kumtia maneno mdomoni."

Mimi nilimtia. Nisamehe. Niliandika hotuba ya kurasa nne, Izabo anamwandikia mfalme, mfalme anatoa hukumu, haki inatendeka. Nikaikusanya kwaya yetu, nikawaambia tutacheza kazi ya Mwalimu Kulwa, na hakuna aliyekataa. Wengi ulishawachapa au kuwasamehe darasani.

Bwana Rashmi wa duka la vitambaa alitupa mapazia ya zamani, mekundu, mazito. Halafu akaomba kuwa shemeji mbaya. "Maisha yangu yote nimekuwa mpole kwa wateja," akasema, "nipe siku moja." Baba Neema, muuza sangara, akawa mume. Neema mwenyewe akawa Izabo, maana ana sauti na anakumbuka. Mimi nikabaki na gauni. Ile sketi yao pana kama kibanda niliishikiza kwa bomba la plastiki la maji, pete nne, kubwa chini, ndogo juu. Kola nikaikaza kwa wanga wa muhogo ikasimama kama sahani. Neema alipoijaribu hakupita mlangoni. Ilibidi aingie kiubavu, kama kabati.

Shangazi Doto alianza kuja kwenye mazoezi kutoka Kisesa, amebeba maziwa kwenye dumu. Alikaa mwisho kabisa, karibu na mlango, akilalamika. Mzungu gani anafunga lango bila kuchota maji kwanza? Mume gani anaenda vitani bila kumwonyesha mkewe mifugo iko wapi? Tulimwacha. Tulidhani ni upweke.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, Neema akapangiwa kazi ya uuguzi Dodoma. Aripoti Jumatatu. Tulifurahi naye, tukamsindikiza, kisha tukakaa ukumbini kama watu waliofiwa mara ya pili. Nikasema basi, tuache. Ndipo kutoka mlangoni ikasikika sauti ikisema maneno ya Izabo, yale ya pazia, ya harusi, ya kumuaga mume, moja baada ya jingine, bila kukosea hata "na".

Niligeuka. Shangazi, nilitaka kukuita. Nilishafungua mdomo. Sauti yenu ni moja, na nilikuwa sijaisikia tangu...

Alikuwa Doto, dumu liko magotini.

Nikamwuliza amejifunza lini, na hajui kusoma. Akaniangalia kama mtoto mjinga. "Kulwa alipopelekwa shule, mimi nilibaki na ndama. Jioni alikuwa anasoma kwa sauti, mimi nakamua. Vyote alivyosoma ninavyo. Na haya yenu nimeyashika hapa hapa mlangoni." Halafu akasema, polepole, "Huyo wa nyuma ya pazia si Mzungu. Kulwa ameniandika mimi."

Sijui kama ni kweli. Wewe unajua. Kitabu cha mtawa kina pazia, nimelikuta, lakini mistari miwili tu. Wewe umeliandikia kurasa kumi na moja.

Basi Jumamosi ikafika. Pazia lilipofunguliwa wanafunzi wako wa zamani walishika midomo. Mzee mmoja akafanya ishara ya msalaba. Ulikuwa pale, Shangazi, na kola ya muhogo shingoni. Kisha Doto akatangaza, "Mimi nina miaka kumi na tano," na ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Yeye akasubiri, mikono kiunoni, mpaka wakanyamaza, akarudia: "Nimesema kumi na tano." Wakapiga makofi. Baada ya hapo angeweza kuwaambia ana miaka miwili.

Baba Neema alitakiwa afe haraka, nyuma ya jukwaa. Akafia mbele, na aliposhangiliwa akaamka akafa tena. Bwana Rashmi alizomewa vizuri sana. Mama mmoja alimwambia waziwazi kwamba hatanunua tena kitambaa kwake, naye akatabasamu chini ya masharubu ya bandia kama mtu aliyepewa zawadi.

Tukafika langoni. Nilikuwa nimeshika kurasa zangu nne pembeni, tayari kumnong'oneza. Doto hakuniangalia. Alimtazama shemeji, akavuta pumzi, na badala ya kumwandikia mfalme akafungua lango mwenyewe.

"Shemeji," akasema, "nyumba hii haijawahi kumfukuza mtu mwenye njaa. Ingia ule. Ila mgeni haingii na upanga. Uache hapo. Ukishiba, nitakuonyesha kila shamba, nani analima, nani ana mtoto mgonjwa, kinu kipi kimevunjika. Ukiweza kunijibu hata moja kati ya hayo, nitakuachia funguo."

Bwana Rashmi hakuwa na maneno hayo kwenye karatasi zake. Alisimama. Kisha, Mungu ambariki, akavua upanga wake wa mbao, akamkabidhi kwa mikono miwili, akakaa chini kama mtoto anayesubiri ugali.

Vigelegele vile hukuvisikia hata siku uliyostaafu. Wazee waliinuka. Mimi kurasa zangu nilizikunja nikazitia mfukoni, na hazitatoka. Ulikuwa sahihi, hatumtii mtu maneno mdomoni. Ila Doto anaruhusiwa, nadhani.

Baadaye nilimkuta nyuma ya ukumbi, bado yuko ndani ya pete zangu za bomba, hawezi kukaa. Nilidhani anacheka. Hakutoa chozi kwenye mazishi yako, unakumbuka, au labda hukuona. Alilia pale, amesimama, na mimi sikuweza kumkumbatia kwa sababu ya sketi. Nikamshika mikono tu. Akasema alikuonea wivu miaka sitini, na kwamba ulipokuwa unasoma kwa sauti zizini alidhani unamringishia. "Kumbe alikuwa ananigawia," akasema. Halafu akaniambia nimtoe kwenye hilo tenga la chuma. Nikamwambia ni plastiki. Akasema hata kama.

Sasa kila Jumanne anakuja hapa kwenye cherehani yangu. Ninashona, yeye anasoma herufi kwenye lile daftari lako la kwanza. Anagombana nazo. Anasema "b" na "d" ni pacha na mmoja wao ni mwongo.

Shangazi, sikuagi kwa kulia. Ulinifundisha kushona mshono wa kurudi nyuma ili uzi usifumuke, na ndivyo ninavyokukumbuka, narudi kidogo, nasonga. Nakuahidi mambo mawili. Mchezo tutaupeleka Kisesa, watu wa Doto wamwone. Na sitamwacha njiani mpaka asome madaftari yote matano peke yake, bila mimi kumnong'oneza.

Pumzika. Umefanya kazi.

Mwanao,
Minza

Amekataa nifunge barua bila yeye. Ameshika kalamu kama mpini wa jembe, ulimi nje, dakika kumi nzima. "O" ya kwanza ni kubwa kuliko ya pili, na "D" imegeukia ukutani. Sijamsahihisha.

DOTO