Nepi za Karatasi Chini ya Kitanda Changu

Tumpe, mkamwana wangu,

Leo nakuita kwa jina, jambo ambalo sikulifanya ulipokuwa hai. Mila yetu Wanyakyusa unaijua: baba mkwe hamtazami mke wa mwanawe, na mkamwana hakanyagi nyumba ya baba mkwe. Watu wengi wa kanisani wamekwisha kuiacha. Mimi niliishika. Miaka miwili uliishi ng'ambo ya migomba yangu, na uso wako nikauona mara moja tu, ndani ya jeneza. Una kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Sikujua.

Nimefundisha shule ya misheni mpaka nikastaafu, na mwalimu hawezi kuacha kueleza. Nivumilie basi, maana maneno yangu yalikuwa yakikufikia vipande vipande, kwa kinywa cha mama mkwe wako.

Yule mama wa Kizungu uliyemlelea watoto Iringa alipofunga mizigo kurudi Ulaya, alikupa maboksi mawili ya nepi za karatasi. Mke wangu alinisimulia huku akicheka: ni pedi nene, laini kama pamba, inalazwa ndani ya chupi ya plastiki. Mtoto akichafua, pedi inatupwa, chupi inapanguswa. Ulizitunza mpaka ukamzaa Atupele, katikati ya masika, wakati ambao hapa milimani Mbeya nguo huanikwa juu ya moto siku mbili ikatoka na moshi tu, maji yamo vile vile. Ulikuwa na akili. Mimi nikauita uvivu.

Pedi zilizotumika ulizifukia nyuma ya migomba. Mvua ikazifukua. Jumapili nikiwa na wazee wa kanisa tukazikuta njiani, zimeumuka, nyeupe. Mzee mmoja akasimama, akazigusa kwa fimbo.

"Mwalimu, kwako siku hizi mikate inaota chini?"

Wakacheka, nami nikacheka nao. Nilifika kanisani nimevimba kuliko hizo pedi.

Jioni ile ile nikamwambia mke wangu alete boksi lililobaki, nikalisukuma chini ya kitanda changu. Sikuhitaji kufuli. Nyumba yangu huingii. Kisha nikakutumia somo, kwa upole, kama nilivyowafundisha watoto wa darasa la kwanza: kwamba bibi zetu walifua, kwamba uchafu wa mtoto haupiti mbele ya babu yake, kwamba maji ya mto hayajamuua mtu.

Ukafua. Baada ya wiki mbili mke wangu akaniambia unazifunga nepi mbichi tumboni, chini ya kanga, unalala nazo ili zikaukie mwilini mwako na mtoto aamke apate kavu.

"Ni mwanamke hodari," nikasema. Nikaendelea kula.

Halafu ile alasiri. Ulisimama nje, nyuma ya ukuta, mvua inakupiga. Nilikusikia vizuri.

"Mama, naomba hata moja tu. Kifua kinanibana, leo siwezi kushuka mtoni."

Mke wangu alinitazama. Boksi lilikuwa karibu na mguu wangu.

"Mwambie kesho jua litawaka," nikasema.

Alikwambia. Ukajibu, "Ndaga, mama." Asante! Nikasikia unaondoka, unakohoa mpaka kwenye migomba.

Jua halikuwaka. Siku ya tano ulikufa kwa kichomi. Mumeo Ambakisye alipofika kutoka Chimala, kwenye ukarani wake, alikukuta umekwisha kuoshwa. Wanawake wa matanga walikuwa wanasema hukujitunza, mzazi mchanga unatembea na nguo mbichi kama mwendawazimu. Aliwasikia, akaniuliza, "Baba, kweli alikuwa mzembe hivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa, Tumpe.

Sasa usikie yaliyobadilika. Kesho yake nililivuta boksi mwenyewe. Atupele alizivaa nepi zako hadi zikaisha, na vipele vyote vya nepi mbichi vikapona. Mke wangu ana baridi yabisi ya vidole, kwa hiyo kumfunga nilijifunza mimi. Majirani wananisifu. Na ukoo umekwisha kumwona msichana wa kukaa mahali pako. Tumekubaliana kwamba huyo atanisalimia uso kwa uso na kuingia kwangu, kwa sababu mtoto mdogo hawezi kulelewa kwa kupigiana kelele nje ya ukuta. Wazee walikubali haraka sana. Hata kahawa haikupoa. Ilikuwa rahisi hivyo.

Ambakisye anakuja Jumamosi. Bado anaamini ulijiua kwa uzembe, na siku hizi jina lako analitaja kwa hasira. Nakuahidi kwamba kabla hajakubali huyo mke mpya, nitamwambia mbele ya mama yake kwamba uliomba na mimi nikakataa. Atupele akifika umri wa kuelewa, nitamwambia hivyo hivyo. Wakiuliza kwa nini, sitaeleza. Nimeeleza vya kutosha maishani mwangu.

Kwaheri, mwanangu. Msamaha siuombi. Ulinizoesha kupata kila nilichotaka kutoka kwako, na hiki nacho ungenipa.

Mimi, baba mkwe wako.